Mwanafunzi wa Akiolojia Anatafuta Nini Shambani Kwako?

Siku ya kwanza anaonekana kijana mwenye kofia pana, daftari mkononi na kile kidude cha setilaiti kikining'inia shingoni. Anakata katikati ya mihogo kwa mstari ulionyooka, njia haifuati. Kila baada ya hatua kadhaa anainama, anaokota kipande cha chungu, anakigeuzageuza, anaandika, halafu anakirudisha palepale alipokitoa. Hilo la kurudisha ndilo linaloanzisha maneno. Siku ya tatu anarudi na wenzake, machepe na chekecheo. Ikifika siku ya nne kijiji kizima kimeshaelewa mambo: hawa wana ramani ya Mjerumani.

Uvumi wa mali ya Mjerumani si wa kubezwa, maana una mzizi. Mwaka 1916, vita vimepamba moto na meli kutoka Ujerumani hazifiki tena, serikali ya kikoloni iligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli pale Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Upande mmoja wa sarafu yupo tembo, nyuma yake mlima. Zilizogongwa zilizidi 16,000, na Septemba ya mwaka huohuo Tabora ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji. Dhahabu, haraka, watu wanakimbia: uvumi hauhitaji mbolea nyingine. Tangu hapo kila jiwe lenye mkato wa ajabu ni alama, na magofu mengi ya boma la Mjerumani yametobolewa usiku na watu wenye tochi.

Kijana wa kofia pana hana habari na hiyo dhahabu. Kwa hesabu zake Mjerumani ni mgeni wa jana jioni. Yeye ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, au ya uzamivu, na anachokitafuta shambani kwako ni jibu la swali ambalo huenda linakuhusu wewe kuliko linavyomhusu yeye.

Mjusi si wetu

Neno akiolojia limebebeshwa mizigo ya watu wengine. Kila mjadala wa mjusi wa Tendaguru unapoibuka, hakosekani mtu wa kuuliza wanaakiolojia wetu walikuwa wapi. Mjusi yule, aliyechimbwa na Wajerumani huko Lindi kati ya 1909 na 1913 na ambaye leo amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Hakukuwa na binadamu wa kumwona, sembuse wa kumkimbia. Wanaomshughulikia ni wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Fuvu la Zinjanthropus, lililoonwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, nalo lina wataalamu wake wa chimbuko la binadamu, ingawa hao wanakaa jirani sana na wanaakiolojia, kwa kuwa penye mafuvu ya aina hiyo mara nyingi pana zana za mawe.

Akiolojia inaanza pale mtu alipoacha kitu nyuma yake. Alikata, alipika, alijenga, alizika, alitupa. Ni elimu ya kuwajua watu kwa vitu walivyoviacha, na tuseme ukweli, vingi ya vitu hivyo ni takataka. Tajiri akihama anabeba dhahabu yake, lakini chungu kilichopasuka hakibebwi na mtu. Ndiyo maana mwanaakiolojia anaamini jalala kuliko sanduku.

Maneno machache yatatusaidia mbele. Kigae ni kipande cha chombo cha udongo kilichovunjika, na ndicho kitu kinachopatikana kwa wingi kuliko vyote. Mavi ya chuma ni yale mabonge meusi, mazito, yenye vitundu, yanayobaki mtu akiyeyusha mawe ya chuma. Wengi tumeyakanyaga tukidhani ni mawe ya kawaida. Tabaka ni utando wa udongo uliojikusanya kwa kipindi fulani, mmoja juu ya mwingine. Na kanda, ambalo ndilo neno la leo, ni eneo pana lenye uhusiano ndani yake: bonde la mto, ghuba na vijiji vyake, mji pamoja na mashamba yanayoulisha.

Masaki peke yake haitoshi

Chukua mgeni anayetaka kujua watu wa Dar es Salaam wanaishije. Anashuka uwanja wa ndege, anapelekwa Masaki, anakaa wiki mbili, anahesabu magari katika kila ua, anapiga picha za mageti, anaondoka na kuandika kitabu. Alichoandika si uongo. Lakini hajafika Mbagala, hajauliza mkaa unatoka wapi wala nani analima mihogo inayochomwa kandokando ya barabara. Mji hauishi kwa mageti.

Akiolojia ya pwani yetu ilianza hivyo kwa miaka mingi. James Kirkman alianza kuchimba Gedi, karibu na Malindi, mwaka 1948. Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960. Walikuwa watu makini, na kazi zao bado zinasomwa. Lakini walikwenda kwenye magofu ya mawe: misikiti, majumba, makaburi yenye nguzo. Ndani ya majumba ya mawe utakuta vitu vya watu wa majumba ya mawe, yaani kauri za Kichina, vyombo vilivyong'arishwa vya Uajemi, shanga za kioo. Ukichimba mlangoni mwa tajiri tu na vitu vya ng'ambo ndivyo vikakujaa machoni, si ajabu ukahitimisha kwamba mji mzima ni wa watu wa ng'ambo. Picha iliyotoka hapo, ya pwani kama safu ya miji ya wahamiaji iliyogeuzia bara mgongo, ilikaa vitabuni muda mrefu, na wengi wetu tulifundishwa hiyo shuleni.

Nyumba njema si mlango, walisema wazee. Wanaakiolojia walichelewa kuusikia msemo huo, ila walipousikia, wengi wa waliotoka kwenda kuangalia nyuma ya nyumba walikuwa wanafunzi.

Sababu yake ni ya kawaida tu. Profesa mwenye jina anapewa Kilwa. Mwanafunzi mwenye bajeti finyu na miezi michache hawezi kuchimba kasri, lakini kutembea anaweza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, na waliotaka kuendelea juu zaidi walikwenda nje, kisha wakarudi kufanyia utafiti nyumbani. Felix Chami aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu Uppsala, Sweden, mwaka 1994, juu ya pwani ya Tanzania katika miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo. Mshahidi wake mkuu ni vyungu vilivyochanjwa michoro ya pembetatu, ambavyo hupatikana kuanzia visiwa vya Lamu hadi Msumbiji na Komoro, na bara pia. Alijenga hoja kwamba vyungu hivyo havikushuka na jahazi, bali vinatokana na kazi ya wakulima na wafua chuma waliokuwa wameshakaa hapahapa. Wapo waliombishia, na ubishi wa namna hiyo ndio unaoipeleka mbele elimu. Lakini hakuna tena aliyeweza kuandika habari za miji ya pwani bila kuwataja watu wa nyuma ya pwani.

Halafu ipo Pemba, mfano ninaoupenda kuliko yote. Jeffrey Fleisher, akiwa mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alizunguka kaskazini mwa kisiwa akitafuta si miji ya mawe bali vijiji vilivyoizunguka. Alimaliza mwaka 2003. Kilichoonekana ni kwamba kati ya karne ya 7 na ya 10 palikuwa na makazi makubwa pale Tumbe, nyumba zake zikiwa za miti na kukandika, na vijiji vidogo vimetawanyika kila upande. Kuanzia karne ya 11 mji wa Chwaka, si mbali na hapo, unakua na kupata misikiti ya mawe, huku vile vijiji vikipungua sana. Watu walikwenda wapi? Walihamia mjini. Wakulima na wavuvi wa vijijini ndio walioujaza mji, wakijenga nyumba zao za udongo kuuzunguka msikiti wa mawe. Hilo usingelijua kwa kuchimba Chwaka peke yake hata ungechimba miaka ishirini, kwa kuwa jibu lilikuwa mahali ambapo watu *hawapo* tena.

Mwanafunzi mwingine, Sarah Walshaw, alichukua mbegu zilizoungua za Pemba hiyohiyo. Udongo wa mashimo unamwagwa majini, vitu vyepesi vinaelea, vinaenguliwa na kukaushwa, kama unavyoosha mchele na pumba zikapanda juu. Tumbe ilikuwa na uwele kwa wingi. Chwaka ikageuka kuwa ya mpunga. Wali tunaoapa kwamba ni chakula cha pwani tangu na tangu, basi, kuna wakati ulikuwa mgeni mezani, na uwele, ambao leo Mpemba anaweza asiutambue sokoni, ndio uliokuwa mwenyeji.

Na bara je? Jonathan Walz, katika tasnifu ya Chuo Kikuu cha Florida ya mwaka 2010, alilifuata bonde la Pangani kutoka baharini kwenda juu, kwenye njia ambazo karne ya 19 zilipitiwa na misafara. Karibu na Mombo, chini ya milima ya Usambara, alikuta mahali paitwapo Kwa Mgogo penye shanga za kioo na za kombe la baharini, za zamani kuliko misafara ile kwa karne nyingi. Njia haikufunguliwa na misafara. Ilikutwa.

Bambo kwenye gunia

Swali ambalo watu huuliza, na ni swali zuri: kanda ina kilomita za mraba mamia, mwanafunzi ana miezi mitatu na wasaidizi watano; anawezaje kusema lolote la maana?

Aliyewahi kununua mchele kwa gunia analo jibu. Mfanyabiashara hamwagi gunia zima chini. Ana bambo, kile kichuma chenye mfereji na ncha, anachochomeka pembeni, kikatoka na kiganja cha mchele kutoka ndani. Anachoma juu, katikati, na chini, kwa sababu anajua muuzaji mjanja huweka mchele mzuri mdomoni. Akishachoma mara tano sita sehemu tofauti, ana haki ya kutoa bei.

Utafiti wa kanda ni bambo. Mwanafunzi anaigawa ramani, anachagua mistari au miraba ya kutembelea kabla hajafika, na anaitembea hata pale ambapo moyo unamwambia hapana kitu. Hii ndiyo siri ya kukata katikati ya mihogo. Angefuata njia, angeona vitu vya njiani tu. Angewauliza watu wamwonyeshe magofu, angeonyeshwa mchele wa mdomoni mwa gunia. Penye majani mazito, kama kwenye mikarafuu ya Pemba, macho hayaoni ardhi, kwa hiyo anachimba vishimo vidogo vya kupimia, kimoja kila baada ya umbali uleule, kila kimoja kinachekechwa na kufukiwa. Vingi havitoi kitu, na hapo wasaidizi wapya hukata tamaa. Msimamizi mwenye busara huwaeleza mapema kwamba "hapana kitu" nalo linaandikwa daftarini, lina namba yake, na litawekwa kwenye ramani. Bila matundu matupu huwezi kuonyesha mpaka wa kijiji.

Kigae kinarudishwa chini kwa sababu kinachotafutwa katika hatua hii ni mahali kilipo. Kigae kilichookotwa na kutiwa mfukoni bila kuandikwa kilikotoka ni kama namba ya simu isiyo na jina: unayo, haikusaidii.

Baada ya kutembea ndipo anachagua sehemu chache za kuchimba kwa kina, pengine shimo la mita moja kwa moja au mbili kwa mbili. Hachimbi kama wachimba choo. Anakwangua kwa mwiko wa fundi uashi, sentimita chache chache, kila kina kinatiwa kwenye mfuko wake, kila ndoo ya udongo inapita kwenye chekecheo. Kanuni ya matabaka ni ya kapu la nguo chafu: shati la Jumatatu liko chini, la Ijumaa juu. Ukilitoa kapu shati kwa shati unaweza kuisoma wiki nzima. Isipokuwa, bila shaka, mtoto alipekua Jumatano kutafuta jezi. Ardhini watoto hao ni panya, mizizi, siafu, kaburi lililochimbwa baadaye, shimo la taka la bibi mwenye eneo. Sehemu kubwa ya ufundi wa kuchimba ni kumtambua mtoto aliyepekua.

Kisha kunakuja kipindi ambacho hakipigwi picha. Vigae vinaoshwa kwa mswaki, vinaanikwa, vinaandikwa namba kwa kalamu nyembamba, vinahesabiwa, vinapimwa uzito. Mdomo wa chungu ukipatikana, hata kipande cha vidole viwili, mkunjo wake unaeleza upana wa chungu kizima, na upana unaeleza kama kilikuwa cha kupikia familia au cha kuwekea maji. Vigae vingine vina mifereji iliyolika juu yake. Tumbe vimepatikana vingi vya namna hiyo: vilitumika kusugulia shanga za kombe, kazi ya nyumbani, mikono ya watu wasiotajwa kwenye historia yoyote. Wiki moja shambani huzaa miezi kadhaa mezani. Na katika lundo hilo vigae vya ng'ambo, vile vya kijani vya Kichina ambavyo wageni hupenda kuvipiga picha, kwa kawaida ni vichache tu katika kila mia. Vingine vyote vilifinyangwa hapahapa. Wakati mwingine nadhani kama Kirkman na Chittick wangelazimishwa kuosha wenyewe kila kigae, vitabu vya historia vingetoka tofauti.

Umri unajulikanaje

Hapa pana upotoshaji mwingi, hasa mtu anaposema mtandaoni kwamba jiwe lake "limepimwa kaboni" likaonekana lina miaka elfu tano. Jiwe halipimwi kaboni. Kinachopimwa ni kile kilichowahi kuishi: mkaa, mfupa, mbegu, kombe.

Kila kiumbe hai hubeba kiasi kidogo cha kaboni ya aina fulani inayopungua yenyewe. Kikiwa hai, kinaongezewa kila siku kwa kula na kupumua. Kikifa, nyongeza inakoma na kiasi kinaanza kushuka, na kila baada ya miaka 5,730 hubaki nusu. Fikiria mtungi unaovuja taratibu ambao kila asubuhi unajazwa. Mjazaji akifariki, ukipima maji yaliyobaki unajua amefariki lini. Willard Libby, Mmarekani aliyeibuni njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Ila maabara haikuletei mwaka mmoja. Inakuletea masafa, tuseme kati ya 1030 na 1160, na inasema uwezekano ni mkubwa kiasi gani. Na inapima kifo cha mti, haipimi moto. Kama mpishi alichoma boriti ya nyumba iliyokatwa miaka mia kabla, mkaa utataja mwaka wa boriti. Kwa hiyo mwanafunzi mwangalifu hupeleka mbegu ya uwele au mpunga badala ya gogo, kwa maana mbegu haikai miaka mia ikingoja kuungua. Vipimo hivi ni ghali, kwa hiyo uzamili mwingi una vichache, na hapo vyungu vya pembetatu na vile vya kijani vya Kichina vinaingia kama kalenda ya maskini: mtindo unajulikana ulivuma karne zipi, basi tabaka lake linajulikana pia.

Vinasaba vimesemaje, na havijasemaje

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba, yaani DNA, vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na sehemu moja ya bara, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Mitandao ikalipuka. Upande mmoja ukashangilia kwamba Waswahili ni Waajemi na tarikhi ya Kilwa, ile simulizi ya kale ya watawala waliotoka Shirazi, Uajemi, imethibitishwa. Upande mwingine ukasema ni njama. Waliousoma walikuwa wachache zaidi ya wote.

Utafiti wenyewe ulieleza kwamba wengi wa watu hao walikuwa na asili mbili. Upande wa Afrika, ambao kwa wengi ulizidi nusu, ulikuja zaidi kupitia kina mama. Upande wa Asia, zaidi wa Uajemi, ulikuja karibu wote kupitia wanaume, na kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Linganisha tarehe hiyo na zile za mwanzo. Tumbe ilishakuwa na watu tangu karne ya 7. Pale Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta msikiti chini ya msikiti, na wa chini kabisa ulikuwa kijumba cha miti cha karne ya 8. Unguja Ukuu, aliyoifanyia tasnifu Abdurahman Juma na kuiwasilisha Uppsala mwaka 2004, ilishakuwa bandari yenye biashara. Waliooa walifika wakakuta nyumba zina wenyewe.

Rudi sasa kwenye bambo. Makaburi yanayohifadhika na kujulikana ni yale yaliyojengewa, karibu na misikiti ya mawe, ya watu wenye uwezo. Watafiti wenyewe walilikumbusha hilo. Mkulima wa uwele, mama aliyesugua shanga kwa kigae, mvuvi wa kijiji kilichohamia Chwaka, hao hawana nguzo juu ya kaburi na hawamo katika hesabu. Tumechoma gunia upande mmoja. Ukiniuliza mimi, kazi ya kuchoma pande nyingine ndiyo hasa anayoifanya yule kijana kwenye mihogo yako, ingawa yeye hatumii sindano wala maabara ya vinasaba.

Na kibali je?

Mwenye shamba ana haki ya kuuliza. Tanzania Bara mtafiti lazima awe na kibali cha utafiti na leseni ya Idara ya Mambo ya Kale, kisha barua zinazoteremka mkoani, wilayani, hadi kwa mwenyekiti wa kijiji. Zanzibar ina ofisi yake ya mambo ya kale, na huendi popote bila sheha. Akiwa Kenya, mtafiti ana shughuli na Makumbusho ya Taifa. Asiye na karatasi si mwanafunzi, hata kofia iwe pana namna gani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na miimo ya nakshi ya kabla ya 1940. Kuvichimba, kuviuza au kuvisafirisha nje bila ruhusa ni kosa, kwa mgeni na kwa mwenyeji. Vigae vinavyopelekwa maabara nje huombewa ruhusa yake, na vinavyobaki vinaingia kwenye masanduku ya serikali au ya chuo. Masanduku hayo yamejaa kupita kiasi, lakini hilo ni lalamiko la makala nyingine.

Ukikuta kitu wakati unalima, usikisafishe wala usikiondoe. Weka kijiti, mwambie mwenyekiti. Thamani yake iko pale kilipolala, na kikishafika kabatini nyumbani kimebaki pambo.

Mwisho wa yote mashimo hufukiwa, kwa udongo uleule, ili mbuzi wasitumbukie na mihogo irudi. Kabla ya kufukia, wengi wana desturi ndogo: hutandika chini kipande cha nailoni, au huacha sarafu ya mwaka huo, ili mtu wa vizazi vijavyo akichimba tena ajue hapa pameshapitiwa, na lini. Basi mtoto mmoja aliyepanda mwembe anachungulia, anamwona msomi akiinama na kudondosha kitu kinachometa shimoni, kisha akifunika haraka kwa chepe. Jioni hiyohiyo kijiji kinajua. Na usiku wakija na tochi, kweli wataikuta: shilingi mia mbili.